Mliona Malapa, Hamkuona Jeki

Wiki ya tatu sasa stori ya mjini ni moja. Ile klipu ya jamaa wa Bongo Fleva yuko uani kwake kifua wazi, pensi ya jinzi, malapa ya bluu mguuni, anafungua tairi la mbele la Subaru Forester yake huku grisi imempanda mpaka viwikoni. Jina halina haja ya kuandikwa, wanaomjua wanamjua. Ni yule ambaye kuna mwaka hakuna harusi iliyoisha Dar bila ngoma yake kupigwa wakati wa keki. Siku hizi ametulia kidogo, nyimbo zinatoka lakini hazifiki mbali, na mjini hapa ukitulia kidogo tu watu wanaanza kukuhesabia vitu.

Kilichotokea chini ya ile klipu kila mtu alikiona. "Kafulia huyo." "Hela ya fundi nayo imekosekana?" "Shemeji kimbia mapema." Kuna mmoja akakata picha ya yale malapa peke yake, akayazungushia duara jekundu, ikasambaa kwenye magrupu ya WhatsApp kuliko hata klipu yenyewe. Jioni hiyo hiyo mwandani wake, yule dada wa tamthilia, akaweka stori nyeusi isiyo na neno hata moja, ka-moyo kaliopasuka tu katikati. Wanazengo wakafunga kesi: mkwanja umeisha, mapenzi yameisha.

Haya. Kama ni kucheka, watu wamecheka kitu sicho.

Kubadilisha habu ya tairi nyumbani sio dalili ya njaa. Mtu aliyefulia kweli hanunui habu, anaongeza sauti ya redio ili asiisikie kelele. Ndinga za namna hiyo zimejaa barabarani, tena nyingine za watu wanaopiga picha Masaki kila Ijumaa. Unapanda na mtu kutoka Mwenge mpaka Tegeta, chini kunaunguruma kama kuna ndege inataka kuruka, yeye anakuambia "ni tairi hizo, zimeisha kidogo". Sio tairi. Ni beringi inakufa taratibu na yeye ndani yake.

Kwa wasiojua, habu ni kile kitovu ambacho tairi linafungwa juu yake kwa zile nati unazoziona nje. Habu inazungukia kwenye beringi, na beringi ndiyo inayobeba uzito wa kona ile ya gari kila siku, kila shimo, kila dimbwi la masika. Maji na mchanga vikishapenya kwenye sili yake, grisi inaharibika, na muungurumo unaanza. Unapanda kadiri mwendo unavyopanda. Na kujua ni tairi gani hakuhitaji kompyuta wala mganga. Ukikata kushoto uzito unahamia kulia. Kelele ikizidi hapo, mgonjwa ni wa kulia. Kisha inua gari, shika tairi juu na chini ulitikise, usikilize kama linacheza. Lizungushe kwa mkono mmoja huku mkono wa pili umeshika springi ya shokapu. Beringi mbovu utaisikia kwenye vidole, ina mkwaruzo kama mchanga ndani ya kopo.

Hiyo ni kazi ya dakika kumi. Wa karibu na jamaa wanasema alizunguka na ule muungurumo miezi miwili. Gereji ya kwanza ikamwambia giaboksi. Ikashushwa, ikapandishwa, akalipa, kelele ikabaki palepale. Ya pili ikamuuzia tairi mbili mpya. Ya tatu ikataka ibaki na gari wiki nzima "tuisikilize". Hapo ndipo akaenda kununua habu mwenyewe akarudi nayo nyumbani. Mtu wa namna hiyo hajafulia, amechoka kugeuzwa ATM. Staa akiingia gereji bei inampokea getini kabla ya fundi, hilo kila mwenye sura inayojulikana analijua, na wanaomcheka kwa kushika spana ndio haohao wangemcheka wakisikia kapigwa laki sita kwa kazi isiyokuwepo.

Tena kwa gari lake uamuzi haukuwa wa kijinga. Forester za kuanzia 2008, habu na beringi yake ni kitu kimoja, kimefungwa kwa bolti nne kwenye nako, kile chuma kinachobeba tairi zima. Unanunua kizima, unafungua cha zamani, unafunga kipya. Mwenye IST ya zamani asidanganyike na klipu hii akakimbilia uani na nyundo. Kule beringi imesindiliwa ndani ya nako kwa presi, na kuitoa ni kwa presi. Nyumbani utaishia kushusha nako nzima na kuipeleka kwa wenye mashine. Atakayekuambia ataigonga mpaka iingie, mshukuru kwa muda wake uondoke.

Kwa hiyo jamaa alikuwa na gari sahihi, sababu sahihi na kifaa sahihi. Tatizo liko kwingine, na liko wazi kwenye klipu ambayo nusu ya mji imeitazama.

Ifungue tena. Achana na malapa. Dakika ya tatu na kitu hivi, kamera inazunguka kumchukua kwa upande wakati anafuta jasho. Nyuma yake, chini ya gari, kuna miguu. Soksi nyeupe za shule. Ni dogo wa kidato cha tatu anayekaa nao pale nyumbani, ameingia chini na tochi ya simu kuzitafuta zile bolti nne, kwa sababu zinafunguliwa kwa nyuma. Na kilichoshika gari ni jeki. Jeki moja, ile ya kukunjua inayokuja na gari, imekalishwa juu ya tofali la simenti, na tofali limekalia mchanga.

Hakuna stendi. Hata lile tairi lililofunguliwa, ambalo fundi yeyote wa chini ya mwembe angelilaza chini ya gari ili likidondoka lidakie hapo, halipo. Limeegemezwa ukutani, rimu imegeuzwa kwenye kamera.

Forester ni karibu tani moja na nusu. Ile jeki imetengenezwa kwa ajili ya mtu aliyepata pancha, abadilishe tairi, ashushe, aondoke. Hairuhusu mtu kuingia chini, na onyo hilo mara nyingi limebandikwa kwenye jeki yenyewe kwa mchoro ambao hata asiyejua kusoma anauelewa. Tofali la simenti nalo halikuambii linapotaka kupasuka. Liko zima, kisha halipo. Na kazi ya habu sio ya kubembeleza. Unavuta, unasukuma, unagonga, gari linatikisika. Yaani ni kazi iliyoundwa makusudi kulitoa gari kwenye jeki.

Komenti ni maelfu. Watu wameona mpaka lebo ya ile pensi, kuna aliyetaja na duka inapouzwa. Miguu ya mtoto wa watu haikuonekana.

Aliiona mmoja tu. Ile stori nyeusi yenye moyo uliopasuka, wa karibu na yule dada wa tamthilia wanasema haikuhusu hela wala mwanamke mwingine. Alikuwa lokesheni Bagamoyo siku ile, akaiona klipu kama watu wengine walivyoiona, na yule dogo mwenye soksi ni mdogo wake, wa mwisho kwa mama yao. Akapiga simu anapiga kelele mtoto atolewe kule chini. Akajibiwa tulia, hiyo ni ya jana, mbona yuko hapa anakula chipsi. Hilo jibu ndilo lililomkata, wanasema. Hakurudi nyumbani siku nne. Mji ukaandika kakimbia umasikini.

Stendi mbili za chuma sio kitu cha anasa. Zinauzwa hapohapo anapouziwa habu, na kwa bei yake ukilinganisha na kilichoshushwa na kupandishwa kwenye giaboksi, ni aibu hata kuzilinganisha. Gari linawekwa sehemu tambarare na ngumu, hendibreki inavutwa, tairi za nyuma zinawekewa mawe mbele na nyuma, linainuliwa, stendi inaingia pale chesisi ilipoandaliwa, gari linashushwa likae juu ya stendi, kisha unalisukuma kwa bega kabla hujaweka hata mkono chini. Kama ua ni mchanga, weka ubao mnene chini ya stendi. Likitikisika, anza upya. Hapo ndipo kazi inapoanza, na kwenye klipu hapo hapapo kabisa. Jamaa anaanzia kwenye kuvua shati.

Kuna lingine ambalo ni dogo kwa macho lakini ndilo limemrudisha kwenye midomo ya watu wiki hii. Maana kelele imerudi. Juzi kapita Sinza na dirisha wazi, vijana wa bodaboda wamemrekodi, muungurumo uleule, na sasa hukumu mpya ni kwamba Kariakoo wamemuuzia feki. Inawezekana. Spea feki zipo, hakuna anayebisha, boksi zuri na ndani majivu. Lakini kabla ya kumtukana muuza spea ambaye hayupo kujitetea, iangalie klipu sehemu ya mwisho.

Katikati ya habu kuna nati moja kubwa, inaitwa nati ya shafti, kwa Forester inachukua soketi namba 32. Hiyo ndiyo roho ya kazi yote. Inaibana beringi ikae pamoja. Kwa gari lake inakazwa kwa Nm 220, na kwa asiyezoea hizo namba, ni sawa na mtu wa kilo 75 asimame kwenye ncha ya mpini wa sentimita 30. Sio nguvu ya kukisia. Ndiyo maana kuna toki renchi, ile spana inayopima nguvu ya kukaza, na kama huna wapo mafundi wanaoazimisha. Nati yenyewe ina ukosi mwembamba ambao ukishakaza unapondwa kwa tindo uzame kwenye mfereji wa shafti, isije ikajifungua njiani. Ukishaifungua, ile ya zamani inatupwa, inafungwa mpya. Ni kitu kidogo sana kwenye bili. Yeye alirudisha ya zamani, inaonekana kabisa, ina kutu na alama ya tindo la mara ya kwanza.

Lakini hata hiyo sio kubwa kuliko hili. Jua lilikuwa linazama, mwanga umekuwa ule wa dhahabu ambao kila mtu wa Insta anautafuta. Habu imeshafungwa, tairi limerudi, nati ya shafti imezungushwa kwa mkono tu. Akashusha gari chini, yeye na washkaji wawili wakalisukuma kama hatua kumi mpaka penye mwanga, akaegemea boneti, picha ikapigwa. Ni picha nzuri, kusema haki. Ile nati ilikuja kukazwa asubuhi yake, kwa spana iliyoongezewa bomba, kwa nguvu za Mungu.

Subaru wenyewe kwenye kitabu chao cha ufundi wanakataza hicho hasa. Nati ile inalegezwa na kukazwa tairi likiwa limetolewa, gari liko juu, mtu amekanyaga breki, ili beringi isibebe uzito hata dakika moja bila kubanwa. Ndani ya beringi ile kuna ringi mbili zinazobanwa pamoja na nati. Nati ikiwa imelegea, uzito wa gari unaangukia pembeni, gololi zinachimba vishimo kwenye njia yake. Vishimo hivyo huvioni. Vinaunguruma baadaye. Habu mpya kabisa, ya Japani halisi, inakufa kwa hatua kumi za kusukumwa kwenda kupigwa picha.

Mengine kwenye ile klipu ni ya kawaida, makosa ya mtu anayeanza, na hakuna sababu ya kumsulubu kwayo. Kalipa ya breki kaiacha inaning'inia kwenye mpira wake, wakati kipande cha waya kinatosha kuifunga kwenye springi. Habu iliposhikwa na kutu ndani ya nako, na kwa hewa hii ya chumvi lazima ishikwe, alianza kugonga kwanza ndipo akakumbuka kupulizia mafuta ya kulainisha kutu, wakati ilitakiwa ipuliziwe usiku wa kuamkia. Waya wa sensa ya ABS aliukumbuka umeshanyooka kama uzi wa gitaa. Anajifunza. Fundi gani hakuanza hivyo?

Ila wanaosema "basi ndiyo maana kazi za watu waachiwe watu" nao wapunguze. Kuna dada mmoja wa redio, sauti ya asubuhi, aliwahi kuweka video ya kazi hiyohiyo kwenye gari la aina hiyohiyo. Saa moja na dakika arobaini, haina muziki. Dakika ishirini za kwanza ni stendi tu, anaweka, anasukuma gari, haridhiki, anashusha, anaweka tena. Kavaa viatu vya kufunika vidole na ovaroli la babake lililomzidi. Bolti moja ikamgomea robo saa, hakugonga wala hakutukana, akapulizia mafuta akaenda kunywa chai, na chai yenyewe ameirekodi. Alipotoa habu ya zamani akapiga msasa pale kwenye nako mpaka chuma kikang'aa, maana habu mpya ikikaa juu ya kutu inakaa upande. Nati mpya kaitoa kwenye mfuko wake mbele ya kamera. Mdogo wake wa kiume kamkanyagia breki akiwa amekaa ndani ya gari kwenye kiti, sehemu ambayo mtoto anatakiwa awe. Akakaza, toki renchi ikalia ka!, akaponda ukosi, ndipo akarudisha tairi.

Ile video haikutazamwa. Kwenye komenti chache zilizokuwepo, mmoja alimuuliza nani atamuoa na kucha zile, mwingine akamwita dume jike. Hakuna aliyemuuliza stendi kanunua wapi. Gari lake mpaka leo linapita kimya.

Sasa hapo lawama ni ya nani? Jamaa ana kosa lake, kubwa, na lina soksi nyeupe za shule. Lakini mtu ambaye mkate wake unatoka kwenye macho ya watu atafuata kile ambacho macho yanakilipa. Angeweka dakika ishirini za stendi angeambiwa anaboa. Aliweka kifua na mwanga wa jioni akapata maelfu, na hao maelfu wakamlipa kwa kumcheka viatu. Wakati huohuo kuna madogo wangapi Kivule, Chanika, Mbagala, wamejifunza kutoka klipu ile kwamba gari linainuliwa kwa jeki juu ya tofali, mdogo wako anaingia chini, wewe unafuta jasho? Wameambiwa kosa ni malapa. Wikendi watavaa viatu.

Dada wa tamthilia amesharudi nyumbani, hilo lina uhakika, wameonekana wote wawili msibani Temeke wakiwa wamekaa mkeka mmoja pembeni. Dogo hayupo. Mama yao amemchukua, anamalizia muhula akiwa kwake Morogoro.

Na jamaa Jumapili usiku kaweka picha moja tu, haina maneno. Stendi mbili nyekundu, bado zina nailoni ya dukani, na juu ya nailoni imewekwa nati mpya ya shafti. Komenti ya kwanza kabisa chini yake: "Malapa umeyapeleka wapi bro?"